Stakabadhi ya Misumari

Bwana Mkaguzi, barua yako imefika.
Zdravka ameileta kwa miguu, akipita juu ya daraja
lile lile unalolitilia shaka.
Unauliza: misumari, kilo kumi na nne,
leva tisini na moja,
stakabadhi iko wapi?

Nisikilize kwanza.

Katika ramani ya maendeleo ya mkoa,
ile ya rangi, iliyobandikwa ukutani kule Vidin,
bonde letu lilikuwa jeupe.
Si kijani, kwa maana ya misitu,
si njano, kwa maana ya viwanda vitakavyokuja.
Jeupe tu.
Kijana wa ofisi ya mipango akatuambia kwa adabu:
hapo hatuna takwimu.

Basi Zdravka akaenda kuzitafuta.
Februari, theluji ikimfika magotini,
na daftari la hesabu lililobaki tangu enzi zake za ualimu.
Wakazi, mia mbili na sita.
Wanaohitaji sindano ya sukari, kumi na tisa.
Watoto wa shule, saba.
Milango yenye kufuli, ufunguo kwa jirani,
themanini na minane.
Mbuzi hawakuulizwa, ingawa walihudhuria.

Kuna ng'ambo mbili, Bwana.
Wanetu wako ng'ambo:
Valencia wanachuma machungwa,
Dortmund wanawaogesha wazee wa watu.
Sisi tuliitaka ng'ambo ile ndogo,
ya mto, mita thelathini na moja,
penye zahanati na kituo cha basi.

Tukaunda chama. Watu tisa, muhuri mmoja,
na ugomvi wa kutosha kupashia moto nyumba ya kusomea
hata siku ambazo kuni zilikuwa mbichi.
Pencho alijiuzulu mara tatu.
Kila mara alirudi kuchukua kofia yake,
akakaa.

Fomu ya mfuko ikasema: elezeni mchango wa jamii.
Tukaandika: mitungi arobaini ya pilipili za kuchoma,
mialoni miwili ya marehemu Gergin,
migongo yetu, kuanzia Mei.
Kisanduku kilikubali tarakimu tu.
Tukajaza sifuri.
Sijawahi kuandika uongo mkubwa kuliko ile sifuri.

Halmashauri ilitoa saruji ya nguzo, haki yao tunawapa.
Mfuko ulitoa mbao.
Misumari ilikuwa yatima.

Nikaenda kwa Asparuh, duka la vyuma,
siku aliyokuwa akilifunga kwa mara ya mwisho.
Akanipimia shehena yake yote ndani ya kopo la rangi.
Kitabu cha stakabadhi kimekwisha jana, akasema,
na mimi nakwisha kesho.
Kesho yake akapanda gari la mwanawe.
Stakabadhi yako, Bwana, iko Valencia,
inamenya machungwa.

Sasa basi linasimama.
Sitakuficha: wa kwanza kulipanda
walikuwa vijana wawili wa kwetu, na masanduku.
Miglena alipunga mkono hadi vumbi likatua,
akasema, tumekata mlango,
tukasahau kuwa mlango hutoa pia.
Hatukuwa na jibu. Hata Pencho.
Lakini Jumanne muuguzi anavuka na mkoba wake,
na wiki iliyopita kufuli moja limefunguliwa,
moja tu, nyumba ya pili kutoka kanisani,
na Zdravka amefuta themanini na minane
akaandika themanini na saba
kwa penseli, si kwa wino. Anawajua watu wake.

Basi njoo, Bwana Mkaguzi.
Njoo na nyundo yenye kucha, na mizani.
Ng'oa mmoja mmoja, upime,
sisi tutakushikia taa.
Ila ukianzia upande wako wa mto,
fikiri mapema utarudije.

Wako katika hesabu,
Lyuben Tsankov, mtunza hazina.

Salio la chama hadi leo: leva sita,
na msumari mmoja, uliopinda.