Asiyepiga Hodi

Mama yangu, Mitsue, haamini darubini.
Huamini kidole. Hukipitisha juu ya jani la mpunga,
hukitazama kilivyolowa, kisha husema:
"Usiku huu watakuja."
Siku ya kumi na moja sasa upepo wa baridi unatoka baharini,
ukungu umelala juu ya Iwate kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa,
na umande haukauki hadi saa nne.

Mimi nimemwona huyo anayekuja.
Chembe moja, umbo la chozi, vyumba vitatu.
Hujibandika kwa gundi ya nchani mwake,
huchomoza mrija mwembamba,
hupapasa: pana nta? pagumu?
Jani limejaa vinywa vya kupumulia,
viko wazi. Havitaki.
Hujenga kuba.

Kuba mia zikipangwa, ndiyo milimita moja.
Huipaka weusi ndani isivuje,
huijaza utamu mzito,
na maji huja yenyewe, yanasukumana kuingia.
Chembe iliyoijenga hujila, hujimimina humo humo,
hubaki gamba.
Lijaze gurudumu la trekta upepo mara arobaini ya kiasi chake:
ndiyo nguvu iliyomo.
Kisha, chini kabisa, sindano.

Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Huyu mwenyeji huonekana mzima siku nne, tano,
ndipo madoa yanapofumbua macho,
kijivu katikati, kope za kahawia.
Na mwezi wa tisa, wakati mashuke mengine yameinama kwa uzito,
lake limesimama wima, jeupe,
halina cha kuliinamisha.

Maabarani Morioka nilimtegea kipande cha plastiki.
Akapapasa, akaridhika.
Akajenga kuba, akajila, akasukuma usiku kucha,
sindano ikazama.
Hamna utomvu. Hamna kitu.
Asubuhi nilihesabu kuba mia mbili na sita,
zote zimefanya kazi bila kosa.

Nilimsimulia mama jikoni, nikicheka.
Hakucheka. Alishika kisu juu ya figili,
akakaa hivyo.
"Maskini," akasema.
Halafu akavaa mabuti, akachukua taa,
akaenda kona ya shamba kung'oa miche iliyobaki ya kupandikizia,
ile niliyoahidi kuing'oa tangu Juni,
ile wanayoanzia.