Gramu Mia Nne Themanini

Miaka ishirini na miwili katika Soko la Uhuru
nimezungusha utepe kwenye vifua vya wanawake,
nikiita namba kwa sauti, thelathini na nane, arobaini na mbili,
bila kufikiri.
Leo ni mimi niliyeinua mikono.

Chumba kiko Ngara, juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Pazia halifiki sakafuni.
Bi Nzilani alishika kikombe cha chai mpaka vidole vikapata moto,
ndipo akanigusa.
Hakuuliza lini. Hakusema pole.
Alisema, "Bega la kulia limeanza kushuka.
Mwili unautafuta uzito wake."

Akapanga mezani maziwa matano yasiyo na mtoto.
"Shika. Hayaumi."
Yalikuwa baridi, yakitikisika kama mchuzi ulioganda,
na yote rangi ya mwanamke mwingine,
waridi lililopauka, mtu wa nchi ya theluji.
Nikacheka hadi mshono ukavuta.
"Ndiyo yanayoletwa," akasema. "Ya rangi yetu huagizwa,
na kuagiza ni kungoja."

Nilipotoka hospitali nilikuwa nimejaza soksi ya Omwenga
robo kilo ya mtama.
Ilinifikisha kanisani.
Lakini siku ya jua nilitokwa jasho
hadi nikahofia utachipua.

La saizi sita, bluzi ilikataa.
La saba ilinyamaza.
La nane: nikainama, nikainuka,
nikanyoosha mkono kama nafikia jora la rafu ya juu,
nalo likaja nami.
Bi Nzilani akaliweka kwenye mizani.
Mia nne themanini.
Kumbe ni hicho tu walichonitoa,
kitu ambacho muuza nyama
angeongezea kipande ili nusu ifike.

Umoja maji huja Jumanne usiku.
Ndoo ya kwanza ni ya kunywa, ya pili ni yake.
Sabuni ya mtoto, maji vuguvugu, kiganja, si brashi.
Nalipangusa kwa kanga kuukuu,
nalilaza ndani ya kisanduku chake, kwenye shimo la umbo lake,
lisije likajikunja.
Siliweki kwenye kamba ya paani kati ya shuka za majirani.
Jua hulichakaza,
macho pia.
Paka hana ruhusa tena chumbani.

Ila mazoea yana taabu.
Fundi huchomeka pini kifuani, upande wa kushoto,
mkono wa kulia uzichukue bila kutazama.
Jumatatu moja nilichomeka tatu.
Sikusikia kitu.
Niliendelea kupinda gauni la mtu, nikiimba,
mpaka Kerubo, mwanangu, akasema, "Mama," akaonyesha kwa kidevu.
Nilizichomoa moja moja. Mkono ulitetemeka
kuliko siku ya kisu.
Tundu moja lilikuwa limepenya. Nililiziba kwa plasta,
kama goti la mtoto.

Sasa pini nazivaa kwenye kifundo cha mkono.
Jioni hiyo nilipita vibanda vyote vya vitambaa
nikilaza kila pamba ya kahawia juu ya mkono wangu:
hii imezidi wekundu, hii ni ya mbao, hii ni ya udongo.
Hatimaye moja, chai ya maziwa iliyokolea majani.
Nikalishonea koti, nikaishonea sidiria mfuko.
Mishono midogo, ya kurudi nyuma.

Usiku nalivua, nasimama mbele ya kioo.
Daktari ana mkono mzuri, nakiri,
ila mwishoni, karibu na kwapa, alikaza uzi.
Ningekuwa mimi, ningefumua pale nirudie.

Nakiacha kisanduku juu ya meza ya dirishani, nasahau.
Dirisha letu linatazama mashariki.
Asubuhi nakikuta kimehamishwa, kiko kivulini,
kimefunikwa shati lake.
Omwenga amenipa mgongo, anakoroma.
Namjua akikoroma kweli.