Herufi za Chini

Kazi yangu ni herufi za chini.
Si ile sauti nzito inayosema *Gari hili halijui mlima*,
si dada anayecheka akifunga mlango.
Mimi ni yale maneno yanayotambaa miguuni mwa picha
kama siafu wanaovuka njia huku wakijua watakanyagwa.

Karatasi ya kanuni imebandikwa juu ya swichi,
kona moja imeliwa na mende:
herufi isiwe fupi kuliko kucha ya kidole kidogo,
ikae sekunde nne,
isomeke bila kukunja uso,
isifanane rangi na kilicho nyuma yake.
Naijua kama sala.

Bwana Bashige aliitazama picha, akasema:
"Kahindo, weka nyeupe."
Juu ya moshi wa volkano, nyeupe.
"Basi weka nyeusi."
Juu ya mawe ya volkano, nyeusi.
Hakumdanganya mtu.
Aliyavisha tu maneno nguo ya ukuta.

Nikaandika nilichopewa:
*Dereva ni mtaalamu. Barabara ilifungwa. Usijaribu.*

Dereva ni Mugaruka, tunakaa naye kiwanja kimoja, Majengo.
Permi yake ina miezi mitatu
na picha iliyomo ni ya kaka yake.
Barabara ilifungwa kwa kamba ya mbuzi,
ncha moja niliishika mimi,
nikailegeza mara mbili kwa mama wa kabichi
na mara moja kwa jeneza.
Na *usijaribu*:
asubuhi ileile kijana alishuka palepale
na chukudu, magunia manne ya viazi,
breki yake kisigino cha kandambili,
akatuuliza kwa heshima kama tunahitaji msaada.

Tulihitaji.
Gari lilikuwa limekalia jiwe kama kuku juu ya mayai,
magurudumu yakisaga hewa.
Vijana saba wakalibeba. Sisemi walilisukuma. Wakalibeba.
Wakapewa soda, na franka za kugawana.
Kwenye tangazo linapanda lenyewe.

Usiku, jenereta ikikohoa mafuta ya mwisho,
niliongeza mstari.
Nyeupe juu ya jiwe jeusi, nikapima kwa kucha yangu:
*Gari hili lilibebwa na Ndoole, Kasereka, Bisimwa
na wenzao wanne.*
Sekunde nne.

Siku tisa hewani. Bwana Bashige hakuona.
Mwenye magari hakuona.
Siku ya kumi, mlangoni, kijana,
kandambili yake imeungwa kwa waya.
"Mama, wanasema niko ndani ya televizyo.
Niliangalia kwa jirani, niliona gari tu."

Nikamkalisha. Nikaisimamisha picha.
Akatembeza kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi,
umeme ukipungua na kurudi,
mpaka akafika kwenye jina lake,
akaliziba lote kwa kidole gumba,
akakiondoa,
akaliziba tena.

Kisha kidole kikapanda mstari wa juu.
*U-si-ja-ri-bu.*
Akacheka hadi akashika meza.
"Na hii," akasema, "mulimwandikia nani?"