Geji ya Morris

Nikiwasha taa, mshale wa petroli unainama
kama mgeni aliyeulizwa atalala siku ngapi.
Nikizima, unarudi: tangi nusu.
Nikitia indiketa unacheza, tiki, tiki,
na taa ya dinamo inakonyeza.

Fundi Shaame wa Limbani alishasema,
"Ng'oa hiyo geji, nunua mpya."
Mpya ya Morris ya mwaka sitini na mbili,
Wete hii, naipata wapi?

Fyuzi nzima. Betri volti kumi na mbili na ushei.
Nalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni,
nafuata waya mweusi kwa kidole
mpaka kwenye skrubu moja nyuma ya spidomita,
imepakwa rangi.

Samawati. Rangi ya baba.
Aliipaka kwa brashi, wiki ya harusi ya Mkasi,
akapaka kila alichokiona,
hata mguu wa waya wa ardhi.

Umeme haukuwa na pa kushukia.
Miaka kumi na saba ukipita kwa majirani
kuomba njia.

Nakwangua kwa msasa mpaka bati ling'ae.
Nakaza. Nawasha taa.
Mshale umetulia, haupepesuki:

tangi tupu.