Muhuri Ndani ya Droo

Niliajiriwa kunyamazisha watu.
Wiki ya kwanza, Bi Ogilvie alinifunza kidole:
kikae wima mbele ya midomo, kisitetemeke,
na pumzi itoke kama upepo kwenye tundu la ufunguo.
Watoto wa wafuma magunia walinywea.
Hata mvua ya Dundee, nakwambia,
ikifika kwenye vioo vyetu ilishusha sauti.

Kila asubuhi nilizungusha magurudumu ya muhuri,
siku, mwezi, mwaka,
nikaukandamiza kwenye wino wa zambarau:
rudisha kabla ya tarehe hii.
Wazee walinivulia kofia.

Leo ni Jumatatu ya Januari.
Jua bado halijaamua kama litakuja kazini.
Nje ya mlango wamejipanga kumi na mmoja
na hakuna anayetaka kitabu.

Senga Petrie anataka kompyuta. Fomu ya posho
ina kurasa thelathini na nane, na ukisita kufikiri
inakufunga nje, uanze upya.
Kwa hiyo yeye anafikiri, mimi nachezesha kipanya
ili mashine idhani tunaandika.

Bwana Tewelde, aliyezaliwa Asmara,
amekunja barua ya hospitali mara nane.
Kuna neno moja la Kilatini. Ni zuri au ni baya?
Mimi si daktari, nasema, kama nilivyoagizwa kusema.
Kisha nainamia kamusi pamoja naye.
Ni zuri. Halisambai.
Anakaa chini. Analitamka tena na tena
kama anayechagua jina la mtoto.

Tunaazimisha drili. Tunaazimisha vyerehani,
na suti moja nyeusi ya kwendea usaili
ambayo imeshapata kazi mara nne.

Na ufunguo wa choo ninao mimi,
pamoja na dawa ile ya kupulizia puani.
Mafunzo yalikuwa nusu siku, na keki.
Nilisomea kupanga elimu yote ya wanadamu kwa nambari:
kila nyota na rafu yake, kila mdudu na rafu yake.
Sikupewa nambari ya kijana aliyelala kwenye vigae
midomo imekuwa buluu.
Alipokohoa, alinitukana.
Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile ndani ya jengo hili.

Kando ya kipasha joto, Farquhar Geddes
amefungua kitabu cha kufuga njiwa, ukurasa wa sitini na moja.
Tangu Novemba ni huo huo.
Hajui kuwa najua.
Akisinzia, napita na kumgeuzia karatasi moja,
ili akiamka awe amesonga mbele.

Halmashauri ilimtuma mvulana mwenye kishikwambi.
Vitabu vingapi vimetoka mwezi huu?
Vichache.
Akaandika vichache.
Nikamuuliza, joto unaliandika wapi?
Akashuka kwa kidole, akapanda,
akasema samahani, hakuna nafasi hiyo.

Saa kumi, nje kumeshakuwa giza.
Effie wa miaka sita amejikata kwa ukingo wa karatasi
(kwa hiyo, angalau, bado vinauma).
Napekua droo nitafute plasta,
naye anauvuta muhuri kutoka chini ya betri na pipi:
Tarehe tisa Juni. Ndipo magurudumu yalipokwama
mwaka ule mashine zilipoletwa.
Anauramba, sijamwahi,
anaukandamiza mgongoni mwa mkono wangu.
Wino umekufa. Inabaki alama tu, bonde dogo kwenye ngozi.

“Umechelewa,” anasema. “Umechelewa sana.”
Anaanza kuhesabu faini yangu, siku kwa siku,
kwa sauti ya kuamsha njiwa wa Geddes.
Watu wanageuka, wananitazama mimi.
Kidole changu kimenata kwenye plasta.
Amefika mia mbili na nne.
Namwacha.