Ritifaa

Fidelma Tuohy, karani wa kiwanda cha maziwa
huko Clare, magharibi ya Ayalandi,
ana vitabu vya hesabu thelathini na kimoja katika folda moja:
kila mfugaji na chake,
kila kitabu kurasa kumi na mbili,
lita za asubuhi, lita za jioni, joto la tangi.

Kila mwisho wa mwezi alivifungua kimoja kimoja,
akanakili, akabandika, akafunga,
chai ikipoa, mvua ikichapa dirisha kwa upande,
hadi usiku mmoja wa Februari akasema basi,
akaanza kuandika makro.

Ni kumtuma mjumbe asiyechoka:
nenda kwenye seli, andika alama ya sawasawa,
fungua ritifaa, fungua mabano ya mraba,
taja kitabu, funga mabano,
taja mwezi, funga ritifaa,
weka alama ya mshangao, kana kwamba umeshtuka kufika,
kisha sema umefuata seli gani.
Fomula ikikaa, shuka mstari. Rudia.

Mjumbe hauawi, tunasema.
Huyu alipita salama kwa Considine, kwa Hehir,
kwa akina Liddy wawili wasiosalimiana,
akafika mstari wa kumi na tisa, akafa.
Kosa namba elfu moja na nne.

Fidelma alihesabu mabano. Alihesabu nafasi.
Alifuta, akaandika yale yale.
Saa tano usiku akalisoma jina kwa sauti:
Malachy O'Dea, ng'ombe ishirini na wawili,
na hapo akaiona,
ile ritifaa ndogo ya ukoo wake
imefunga mlango kabla mwenye nyumba hajaingia.

Mimi ningemwambia mapema.
Lugha yangu haimfugi ng'ombe bila alama hiyo.
Iondoe katika *ng'oa*, unabaki na *ngoa*,
na wivu haujawahi kutoa kisiki ardhini.

Dawa yake ni kuiandika mara mbili:
O''Dea, kama pembe.
Mjumbe akafufuka, akashuka hadi mstari wa mwisho
kabla Fidelma hajanyanyua kikombe.

Ila kuna safu ya nane kwenye kitabu cha Malachy
ambayo hakuna fomula iliyowahi kuifuata.
Hapo mzee aliandika asichoulizwa:
*Mwekundu amekataa kukamuliwa.*
*Jua, dakika ishirini.*
*Dada yangu amepiga simu kimakosa, tumeongea saa nzima.*
Fidelma aliisoma mwenyewe, kwa macho, kila mwezi,
na hili hakulitaja kwa meneja.

Oktoba Malachy alifariki.
Ng'ombe waliuzwa mnada mmoja,
na kitabu chake kikaondolewa kwenye folda,
hakusema mtu nani alikiondoa.

Novemba makro ilisimama mstari wa kumi na tisa,
ikafungua dirisha, ikauliza kitabu kiko wapi.
Fidelma alibonyeza *Ghairi*.
Mashine ikauliza tena: nisasishe viungo?
Akajibu hapana,
maana seli ya Oktoba, ukiiacha bila kuigusa,
hukumbuka ilichoambiwa mwisho:
lita elfu tisa mia nne na sita.

Siku iliyofuata alilitoa jina kwenye orodha. Kazi ni kazi.
Wafugaji thelathini, hakuna tena mwenye ritifaa,
wala hakuna haja ya ule mstari unaoirudia mara mbili.
Hakuufuta.

Na kwenye makro, mstari ukianza na ritifaa
mashine huuruka, haiusomi kabisa;
ni maneno ya mtu kwa mtu.
Basi juu ya ule mstari usio na kazi
Fidelma aliweka ritifaa moja
na baada yake akaandika,
taratibu, kwa kidole kimoja:

*'Jua leo, Malachy. Dakika arobaini.*