Mistari Miwili

Fomu ya ziara ina mistari miwili tu
chini ya swali: Wanafunzi wamejifunza nini?
Mwalimu Mkuu, kalamu nimeishika tangu saa tisa.
Chai imepoa, inzi amezama.

Walitoka kumi na mmoja, Alhamisi asubuhi,
watoto wote wa kitengo, kwa miguu,
wameshika kamba moja yenye vifundo,
kila mtoto na kifundo chake.
Cha tatu ni cha Mwajabu. Hakigusi mwingine.
Toka shuleni hadi bustani ya Mnazi Mmoja ni dakika kumi;
sisi tulitumia saa nzima,
maana kila nguzo ya umeme ina namba,
na Faraji hapiti namba bila kuisoma.

Getini mlinzi alituangalia juu mpaka chini.
"Hawa, mwalimu, hawatavunja?"
Nikamwonyesha bembea: mnyororo mmoja umekatika,
kiti kinaning'inia kama jino la darasa la kwanza.
"Tumeikuta imevunjika."
Akacheka, akafungua.

Kulwa alivua viatu.
Doto wake yuko la nne B, anajua kuzidisha.
Kulwa anajua nyasi:
alizikanyaga polepole
kama anayepita katikati ya waliolala.

Mama mmoja kwenye benchi akavuta mkoba wake,
akaupakata. Kisha akaniambia, "Pole, mwalimu."
Pole ya nini, mama?
Sijafiwa.

Enesia, asemaye kwa kadi, alizichambua zote.
Hakuna iliyofaa. Hatuna kadi
ya kivuli cha majani kinachotikisika.
Akanipa kadi ya maji. Nikampa maji.
Akakimwagia kivuli, akasubiri kiote.

Halafu akaja muuza askrimu na baiskeli yake,
na ule wimbo wake usio na mwisho.
Mwajabu akaanguka chini, viganja masikioni,
sauti yake ikaipita spika.
Watu wakasogea, kama wasogeavyo kwenye ajali.
Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kugombana,
lakini kijana yule akazima,
akachuchumaa mbali kidogo,
akainua koni tupu, hakusema neno.
Wateja wakapita. Akangoja.
Wengine wakapita. Akangoja,
mpaka kiganja kimoja kikatoka sikioni.

Saa tano na robo nikahesabu: kumi.
Nikahesabu tena: kumi.
Sitaandika kwenye fomu nilivyokimbia,
kiatu cha Kulwa mkononi, nimemwachia dada msaidizi kamba,
naita jina ambalo mwenyewe haliitikii,
wala nyumbani haliitikii, wala kwa daktari.
Sijui nani alinitia akili.
Niliacha jina, nikaanza kuita:
Moja!
Mbili!
Tatu!

Na nyuma ya ua wa michongoma
sauti ikajibu: Nne.

Alikuwa na mama mfagizi wa manispaa.
Amepewa ufagio wa chelewa,
majani makavu ameyapanga safu,
ishirini, ishirini, ishirini na moja.
"Hilo moja kakataa katakata nisiliondoe," mama akasema.
Kisha, akijifunga khanga upya:
"Mniletee huyu kila wiki.
Hawa vijana wangu hawana mkono."

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi, na sare yangu.
Nikacheka mpaka machozi; machozi yakaendelea
kicheko kilipokwisha.
Faraji akanihesabu vifungo.

Basi, Mwalimu Mkuu, mstari wa kwanza nimejaza:
Wamejifunza kuhesabu.
Ni kweli, ingawa aliyejifunza ni mimi.
Mstari wa pili una doa la askrimu ya Mwajabu.
Aliiweka pale mwenyewe, kwa kidole.
Naomba lisifutwe.

Fedha ya dharura nairudisha yote.
Viatu vya Kulwa vimepatikana, kimoja.
Alhamisi ijayo, kama stoo inaruhusu,
naomba fagio mbili.